Ukoo wa Kuazima

Alum alikuwa mwanamke mrefu wa Kilango, mwenye sauti ambayo zamani, katika kambi ya jeshi alikoishi na mumewe, ilisikika kutoka bombani hadi lango kuu. Kufikia mwaka 1973 sauti hiyo ilikuwa imefungwa kama maduka ya Wahindi waliofukuzwa nchini. Aliishi Kasubi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Mkongomani mmoja mfanyabiashara, na majirani hawakuwahi kumsikia akisema zaidi ya ndiyo, hapana na asante. Wengi walimdhania mpole. Wengine, wale wenye midomo isiyo na kazi, walisema ni mjinga. Alikuwa anaogopa, basi. Na mtu yeyote aliyekaa Kampala miaka ile akakuambia hakuogopa, mtazame vizuri: ama alikuwa na bunduki, ama anakudanganya.

Mumewe aliitwa Ongom, dereva wa malori ya jeshi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1971, askari wa Kilango, kabila la rais aliyepinduliwa, na wa Kiacholi, jirani zao, walianza kuitwa majina asubuhi gwarideni. Aliyeitwa alipanda gari, gari likaondoka, likarudi tupu. Ongom aliitwa Jumatatu. Alum hakungoja Jumanne. Alimfunga binti yao Amito mgongoni, akaacha maharage yakichemka jikoni, akatoka langoni pamoja na wanawake waliokuwa wakienda sokoni, kana kwamba naye amefuata nyanya. Mjini hakuwa na ndugu. Alikuwa na Mama Marie-Jeanne tu.

Mbambu Marie-Jeanne, yule Mkongomani wa Kasubi, alikuwa Mnande wa Butembo, mnene, mcha Mungu, mwenye maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake. Aliuza vitenge katika soko la Nakawa, na zamani alikuwa akiwapelekea wake za askari mzigo wake hadi kambini. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia vita vya kwao mwaka 1964, akalala porini na kula majani, kwa hiyo hakuuliza maswali ya mtu aliyeshiba. Alimvuta Alum ndani, akafunga mlango, akamtazama mtoto mgongoni, akakata shauri kabla chai haijachemka.

"Sikia, Mama Amito. Kutoka leo huyu mutoto ni wangu. Jina yake ni Bibiane. Weye ni yaya, unamubeba tu. Bakongomani hapa hakuna mutu anabatafuta. Banatafuta benu."

"Na mimi nasema nini?" Alum aliuliza.

"Weye? Weye unanyamaza."

Basi akanyamaza. Mtoto naye akafundishwa: mbele ya watu, Marie-Jeanne ndiye mama, na mama ni yaya. Amito alikuwa na miaka sita tu, lakini somo lilimwingia mara moja. Akili ndicho kitu pekee kwake ambacho hakikuwa legelege.

Alizaliwa mlegevu, kama ugali uliozidiwa na maji. Shingo ilichelewa kukaza, miguu ikachelewa zaidi, na sasa, akiwa na miaka minane, aliweza kukaa akiegemezwa, na kupeleka kijiko mdomoni ikiwa mtu atamshika kiwiko. Mgongo ulikuwa umeanza kupinda. Akilazwa chali pumzi ilimkwama, ndiyo maana alilala ameegemea kifua cha mama yake, na Alum alikuwa amesahau utamu wa kujinyoosha kitandani. Kutafuna kulimshinda. Chakula kilijificha mashavuni na ulimi haukuwa na nguvu ya kukifagia, kwa hiyo kila jioni Alum alizungushia kidole chake kitambaa chenye chumvi, akamsafisha gego baada ya gego, huku mtoto akimng'ata kwa utani.

Meno hayo yangesalimika kama si malori. Malori ya askari yalipita Kasubi wakati wowote, na mara nyingine yalisimama. Yakisimama, Alum alimtia Amito kipande cha sukari guru shavuni, asije akalia au akauliza kitu kwa Kilango, lugha ambayo mtoto wa Kikongomani angeijulia wapi? Sukari ilikaa pale pale ilipowekwa, ikayeyuka taratibu kati ya shavu na gego. Malori yalisimama mara nyingi mno. Mama gani angechagua meno akaacha uhai? Mimi simlaumu, ingawa yeye alijilaumu mpaka akakonda.

Gego la chini upande wa kushoto ndilo lililoanza. Shavu likavimba likang'aa, homa ikapanda, mdomo ukanuka, na Amito akaacha kula. Mtoto aliyekuwa mwembamba toka zamani hana akiba ya kufungia. Marie-Jeanne aliomba, kisha akapaka karafuu, kisha akaomba tena. Daktari wa meno aliyejulikana mjini, Mhindi, alikuwa ameondoka na wenzake na mlango wake umepigiliwa misumari. Mng'oa meno wa sokoni alisema mtoto alazwe chini, wanaume wawili wamshike. Alum alimtazama yule mtu, akatazama koleo lake, akambeba mwanawe akaondoka bila kuaga.

Ikabidi kwenda hospitali ya serikali, ambako langoni palikuwa na askari na ndani watu walikaa kwenye mabenchi wakikwepana macho. Marie-Jeanne alivaa kitenge chake cha kanisani, akatangulia. Alum alifuata na mtoto, uso chini, kama yaya.

Daktari Nsereko alikuwa Muganda kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alifanya kosa ambalo daktari yeyote wa meno angelifanya: alikilaza kiti. Papo hapo Amito akaanza kukoroma, midomo ikawa rangi ya majivu, macho yakamtoka. Kabla daktari hajaweka chini kioo chake, Alum alikwisha kumnyakua mtoto, akamkalisha wima, akampigapiga mgongoni hadi pumzi ikarudi.

"Bambi, samahani nyabo, samahani sana," daktari alimwambia Marie-Jeanne kwa heshima ya Kiganda, maana ndiye aliyekuwa mama. Marie-Jeanne akakumbuka kulia.

Daktari alimchunguza Amito akiwa amekalishwa mapajani mwa yaya wake, kisha akasema mambo yalivyo, tena bila kuzunguka. "Jino lina usaha, nyabo. Usaha ukishuka kwa shingo utafunga njia ya pumzi, na huyu hana pumzi ya kuchezea. Hiyo ni hatali. Na kuna magego mengine mawili mabovu. Kwa kiti hatuwezi. Alhamisi tutamlaza usingizi, tutoe yote mara moja." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini kwanza niambie. Kwenu kuna mtu mwingine mwenye mwiri kama huu? Kuna mtu alilazwa usingizi hospitali akapata shida?"

"Kwetu?" Marie-Jeanne akajinyoosha. "Daktari, kwetu Butembo batu banabeba magunia ya kahawa mupaka babu wa miaka sabini. Hakuna. Hata mumoja."

Alisema kweli tupu. Ukoo wake ulikuwa na afya ya punda. Ila haukuwa ukoo wa mtoto.

Alum alikaa na mtoto mapajani, maneno yakampita kichwani. Alimkumbuka Ongom akiinuka kitini kwa kusukuma magoti kwa mikono. Otim, mdogo wake Ongom, aliinuka vilevile, na baba yao kadhalika. Kijijini, upande wa Lira, walitaniwa kuwa ukoo wa wazee wadogo. Jeshini ndugu hao wawili walipewa kazi za kukaa, mmoja usukani na mwingine cherehani, kwa sababu mbio ziliwashinda. Lakini uzito wa magoti si ugonjwa, alijiambia, tena nani amemuuliza yaya habari za ukoo? Wakapewa dawa ya kutuliza usaha, wakaondoka.

Jumatano askari walivamia soko la Nakawa wakitafuta wenye mali ya magendo. Marie-Jeanne alitimua mbio viatu mkononi, akaenda kujificha Mengo kwa waumini wenzake, akatuma mtu aje kumwambia Alum: "Mupeleke mutoto. Daktari amesikia yote. Weye unabeba tu."

Alum alimpeleka. Njiani aliomba kwa midomo iliyofungwa. Shavu la Amito lilikuwa limeanza kuteremka chini ya taya, na asubuhi ile mtoto alikuwa amekoroma hata akiwa ameketi wima.

Katika chumba cha upasuaji palikuwa na daktari na mtu mwingine mmoja, mtu wa dawa za usingizi. Jina lake Sulaimani. Alikuwa Mnubi wa makamo, mwenye mikono ya taratibu, na chini ya joho la kijani la upasuaji alivaa buti za jeshi. Alum aliziona buti kwanza, na baada ya hapo hakuona kingine. Alizijua. Za mumewe, za aina ile ile, zilikuwa zikipigwa rangi barazani kwake kila Jumapili.

"Sulaimani ametoka hospitali ya jeshi," daktari alisema, kama anayeomba radhi. "Watu wetu wa kazi hiyo wamekwisha ondoka."

"Wewe nani?" Sulaimani alimuuliza Alum.

"Yaya."

"Mama iko wapi?"

"Iko sokoni."

Sulaimani aliinua mkono wa Amito, akauachia, ukaanguka. Akauinua tena. Alikunja uso. Mkononi alikuwa na kile kikombe cheusi cha mpira cha kufunika pua na mdomo, na hakukiweka chini wala hakukipeleka mbele.

"Daktari, hawa wa misuli mimi naogopa," alisema. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kiganda chake kidogo zaidi, ndiyo maana walizungumza Kiswahili, na ndiyo maana Alum alisikia. "Kule jeshi mimi nalaza mutu moja. Mutu mukubwa, mwili iko. Nalaza yeye vizuri tu. Kidogo, mwili nakuwa moto, moto sana, nashinda jiko. Halafu nakauka kama mbao. Meno nakamatana, sisi watu nne nashindwa kufungua mudomo. Nakufa."

"Mama yake nimemwuliza. Kwao hakuna."

"Wewe nauliza vizuri?"

"Vizuri kabisa. Alijibu mwenyewe."

"Haya basi." Sulaimani akainama kufungua chupa.

Alum alikwisha kuyasikia maneno yale mahali pengine. Moto. Kukauka. Meno kukamatana. Miaka miwili kabla ya mapinduzi Otim, yule fundi cherehani, alikwenda hospitali ya jeshi kupasuliwa henia, akarudishwa kijijini ndani ya sanduku. Askari aliyeleta maiti alisimulia kwamba mwili ulichemka hadi maji yakamwagwa juu yake, na kwamba taya lilijifunga roho ikiwa bado haijatoka. Wazee walitikisa vichwa, wakasema hiyo ni sumu, inajulikana. Wakamtazama Santa, mkewe Otim, aliyempikia chakula cha mwisho. Santa alifukuzwa vyombo vyake kichwani, na Alum alikuwa miongoni mwa wanawake waliomsindikiza kwa matusi hadi barabarani. Sasa, hapa, mbele ya kikombe cha mpira, alielewa. Santa hakumpa mtu sumu. Ilikuwa damu ya ukoo ule, na damu ile ile ilikuwa mwilini mwa mtoto aliyempakata.

Angesema nini? Kusema Otim ni baba mdogo wa mtoto huyu ni kusema mtoto huyu si Bibiane. Ni kusema yeye ni mke wa askari wa Kilango aliyeitwa jina asubuhi, na kwamba kuna Mkongomani aliyewaficha. Tena aseme mbele ya mtu mwenye buti. Akisema, huenda wakachukuliwa kabla jua halijatua, yeye, mtoto, na Marie-Jeanne wa watu. Asiposema, Amito atachomeka mikononi mwake dakika hii. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyetunga methali hiyo hakupata kuishi mahali ambapo kutaja maradhi yako ni kutaja kabila lako.

Alifikiri kukimbia, kama alivyomkimbia yule wa sokoni. Lakini akimbie na uvimbe unaoshuka kooni, aende nao wapi? Aliomba Mungu daktari amuulize tena, mtu yeyote amuulize, ili lisiwe jambo alilolianza yeye. Hakuna aliyeuliza. Sulaimani aligeuka na kile kikombe, harufu tamu ya dawa ikatangulia, na Amito akamtazama mama yake kwa macho makavu, bila kulia, kama alivyofundishwa.

Alum akaweka kiganja juu ya uso wa mwanawe.

"Ngoja."

"Toa mukono, yaya," Sulaimani alisema.

"Ngoja!" Sauti ikatoka yote, ile ya bombani hadi langoni, vyombo vikalia kwenye sinia. "Mimi si yaya. Mimi mama yake. Huyu si mutoto ya Mukongo. Jina yake Amito. Baba yake ni Ongom, dereva ya jeshi. Ndugu ya baba yake ni Otim. Otim walimulaza kwa hospitali ya jeshi, kwa sababu ya henia. Mwili yake ilikuwa moto. Meno yake ilikamatana."

Hapo akaishiwa pumzi. Daktari Nsereko alitazama mlango uliokuwa wazi kidogo, akaenda akaufunga, akazungusha ufunguo mara mbili. Usidhani shahada humtoa mtu woga. Alirudi akasimama mahali pake.

"Otim gani?" Sulaimani aliuliza polepole.

"Fundi ya cherehani."

Sulaimani alikaa kwenye kiti kifupi cha chuma. Alikaa kama mtu aliyesukumwa. Kikombe cha mpira kilining'inia kati ya magoti yake.

"Mimi nilimulaza," alisema. "Nilimulaza mimi. Yeye nashona mimi koti ya arusi, hapana chukua pesa. Halafu wakubwa naita mimi, nauliza, Sulaimani, nani napatia wewe pesa uue huyu? Mimi sijui kujibu. Mpaka leo sijui." Akamtazama Amito, kisha akamtazama daktari. "Kumbe kwao iko. Kwao iko, na hapana mutu nasema."

"Ni kweli inakwenda na ukoo," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Nimesoma. Sikuwahi kuona."

Sulaimani aliinuka, akaifunga chupa, akaipeleka juu kabisa kwenye kabati, mbali. "Huyu simulazi. Hata mutu nakuja na bunduki, mimi simulazi."

"Uvimbe je? Jino lazima litoke leo."

"Toa na ganzi. Mama nakamata yeye, nakaa hivi hivi. Toa moja, ile mubaya. Zingine siku ingine."

Basi ikawa kazi ya namna ambayo Daktari Nsereko hakufundishwa shuleni. Alum alikaa kwenye kiti, Amito mapajani, mgongo wa mtoto kifuani pake, wameketi wima wote wawili. Daktari alipiga magoti sakafuni apate kuona kutoka chini. Sulaimani alisimama nyuma, akakishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili, akakiinamisha mbele kidogo ili damu itoke nje isiingie kooni. Mikono ile ilikuwa mbele ya macho ya Alum. Alijiuliza kama ndiyo itakayoandika majina yao kwa askari leo hii.

"Amito," alimwambia mtoto kwa Kilango, maana sasa hapakuwa na la kuficha, "shika kidole gumba changu. Ukishindwa, finya. Ukifinya tunaacha."

Palipo na usaha ganzi haishiki vizuri. Sindano iliingia, wakasubiri, koleo likaingia. Amito akafinya. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuuhisi mfinyo ule, ulikuwa mdogo mno, lakini Alum aliuhisi. "Acha," alisema, na daktari akaacha. Mtoto akavuta pumzi, akatema, wakaendelea. Akafinya. "Acha." Daktari alikuwa anatokwa na jasho hadi miwani ikamteleza. Mara usaha ukapasuka ukamwagika kwenye beseni, harufu ikajaa chumba, na gego likaja pamoja nao. Amito akalia. Alilia kwa Kilango, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akimwita mama yake, na Alum akamjibu kwa Kilango vilevile, machozi yakimwingia mdomoni.

Sulaimani hakukiachia kichwa cha mtoto hadi damu ilipopungua. Kisha akawasindikiza hadi ukumbini, akangoja mfagizi apite.

"Kila Ijumaa watu ya usalama nakuja hapa," alisema akitazama ukuta. "Nauliza mimi nani alikuja, kabila gani."

Alum alimkaza mtoto mgongoni. "Na wewe utasema?"

"Sijui." Akazitazama buti zake. "Sasa mimi nasema hapana. Lakini wao hapana uliza kama daktari. Wewe usirudi hapa." Alikwisha geuka aondoke, akarudi. "Iko meno mbili bado. Na siku ingine mutu mwingine atataka kulaza huyu, kwa meno ama kwa mugongo. Wewe sema. Tafuta maneno, tafuta jina ingine, danganya yote, lakini ile moja sema: kwao mutu alikufa na dawa ya usingizi. Unasikia, mama?"

"Nasikia, afande."

"Mimi si afande," Sulaimani alisema, akaenda zake.

Kama Ijumaa ile alisema au alinyamaza, Alum hakupata kujua. Alfajiri ya Ijumaa hiyo hiyo walihama Kasubi, wakakaa Mengo katika chumba kimoja na Marie-Jeanne, na kwa miezi mingi kila Ijumaa Alum alikaa mlangoni akisikiliza magari mpaka giza. Hakuna aliyekuja. Marie-Jeanne aliposikia yaliyotokea alifoka kwanza, akamwita Alum mwehu, akahesabu watu wote ambao wangekufa kwa sababu ya domo lake. Halafu akakumbuka jibu alilompa daktari, lile la hata mumoja. Akakaa chini kitandani, akajifunika uso kwa kitenge. "Ningemuua na hii kinywa yangu," alisema. "Na nilikuwa nasema kweli." Alum alimbembeleza siku nzima. Yale magego mawili yaliyobaki yalitolewa mwaka uliofuata na daktari mwingine, kwa ganzi, mtoto ameketi.

Lakini turudi siku ile ya jino: walikuwa bado hawajatoka hospitali. Kutoka ukumbini hadi langoni palikuwa na uwanja wa mchanga, na Alum aliuvuka bila kukimbia. Alikuwa na hakika kwamba nyuma yake mtu ameinua simu. Aliona madirisha yote yakimtazama. Amito alikuwa mgongoni, mdomo umejaa pamba, anapumua kwa kelele, na kila pumzi ilimpiga mama yake shingoni, ya moto, lakini moto wa kawaida wa mtoto mwenye homa.

Askari wa langoni alikuwa kijana, bunduki begani, anakula karanga. Aliinua mkono wasimame. Alizunguka nyuma ya Alum, akainama kutazama ule uso uliovimba na damu iliyokaukia kidevuni.

"Mutoto ya nani huyu?"

Jibu lilikuwa tayari. Alum alikuwa amelirudia miaka miwili, usiku na mchana, hata usingizini: mtoto wa Mama Marie-Jeanne, Mkongomani wa Kasubi, mimi nambeba tu. Alifungua mdomo alitoe.

"Wangu," alisema.

Yule kijana akatafuna karanga yake, akawapungia mkono wapite.